Neno Jipya la Shangazi

Kimya ndicho kilichomshtua Jicho.

Ukumbi wa kutotolea vifaranga hauna kimya. Feni za mashine huvuma usiku kucha na mchana kutwa, na aliyezoea kufanya kazi mle huacha kuzisikia, kama mtu asivyozisikia pumzi zake mwenyewe. Siku hiyo Jicho alizisikia kwa kuwa zilikuwa zinakata roho. Ilianza iliyo karibu na mlango wa ofisi, ikafuata jirani yake, ikafuata ile ya kule nyuma. Kila moja ilishusha sauti taratibu, vuuu, mpaka ikanyamaza. Likabaki bomba la uani linalodondosha maji ndani ya ndoo, to, to, to.

Taa ya darini ilikuwa inawaka. Kompyuta iliyo mbele yake ilikuwa inawaka. Kwa hiyo umeme upo.

Akatazama skrini. Alitarajia mstari mmoja tu, ule anaouona kila mwezi: Neno limebadilishwa. Akakuta mistari imeteremka ukurasa mzima. Limebadilishwa. Limebadilishwa. Limebadilishwa.

"Mungu wangu," akasema, na mkono wake, uliokuwa bado unachuruzika maji ya sabuni, ukaganda juu ya kipanya.

Ilivyokuwa ni hivi. Shangazi, mwenye kiwanda, alikuwa hasahau kitu. Angeweza kukwambia nani alirudisha maboksi yamechanika tangu enzi ya banda la mabati, na alivaa nguo gani. Ila neno lake la siri la kompyuta, hilo halikukaa kichwani mwake hata ungeligongelea kwa nyundo. Kazi ya kumwekea jipya ilikuwa ya Jicho. Na asubuhi ile, Jicho akiwa ameinama ndani ya mashine anaisugua kwa brashi, Shangazi alimpigia kelele kutoka uani:

"We Jicho! Limeniponyoka tena hilo neno. Niwekee jingine. Andika 'hasira hasara'!"

"Shangazi, neno la siri halipigiwi kelele!"

"Nani atalichukua? Vifaranga?"

Wanawake waliokuwa wanapanga vifaranga kwenye maboksi wakaangua kicheko, na Dereva akaitikia kutoka kwenye gari lake, "Mimi nimeshalisahau, Shangazi, lala usingizi." Jicho naye akacheka, akaingia ofisini hata mikono hajafuta. Katika orodha ya majina, Shangazi ndiye wa kwanza. Wengine wote wamepangwa kwa jinsi walivyoandikishwa, lakini kaka yake Jicho, aliyeitengeneza programu ile, alisema mwenye nyumba hapangwi katikati kama mpangaji, akampandisha juu. Basi miaka yote Jicho alikuwa habofyi kwa kutazama. Mstari wa kwanza, neno jipya, kubali, kwisha. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, kama inavyouliza siku zote, naye akakubali, kama anavyokubali siku zote.

Siku hiyo mstari wa kwanza haukuwa Shangazi. Ulikuwa umeandikwa: Wote.

Na katika hao wote, mashine nazo zimo. Shangazi alizipa majina ya kike, akisema kitu kinachoatamia mayai hakiitwi namba. Kulikuwa na Bibi, mkongwe, ambaye mlango wake hufungwa kwa kamba. Kulikuwa na Somo, na Wifi, na Mke Mwenza anayepiga kelele bila kuguswa. Kulikuwa na Mama Mkwe, mpana wa kifua, aliyetoa vifaranga alfajiri ile na ndiye aliyekuwa anaoshwa. Na mwisho alikuwepo Bi Harusi, mgeni, kioo cha mlango wake bado kina karatasi ya dukani pembeni.

Kila mmoja alikuwa na kompyuta ndogo tumboni, haizidi kiberiti, na kila baada ya kitambo iliuliza kwenye hifadhidata, yaani ghala la maandishi lililomo ndani ya kompyuta ya ofisini: nikae na joto gani? Mayai yangu yana umri gani? Niyageuze au niyaache? Kabla ya kujibiwa hutaja jina lake na neno lake la siri. Likikataliwa, huzimwa moto, na feni pia. Kaka ndiye aliyepanga hivyo, baada ya Wifi kukwama siku moja kwenye joto kali akachemsha trei zote. "Bora yapoe kuliko yaive," alisema Kaka. "Lililopoa lina matumaini."

Shangazi akaingia ofisini anajifuta mikono kwenye aproni.

"Mbona kimya? Nani kazima?"

Jicho alisimama. Angeweza kusema umeme umeyumba. Wazo hilo lilimpitia, likapita.

"Mimi, Shangazi. Nimekubadilishia neno, nikawabadilishia wote. Na mashine."

"Mashine zina neno la siri?"

"Kila moja na lake. Sasa zote zimewekewa lako."

Shangazi hakumtazama. Alitazama dirishani, kupitia vichwa vya Bibi na Somo, mpaka kule mwisho kwenye kioo cha Bi Harusi. Jicho akajua anatazama nini.

Ndani ya Bi Harusi yalikuwemo mayai ya kuku wa marehemu mama yake Jicho. Mama alikuwa na kuku wa madoadoa kama kanga, wazito wa mguu, wakali, ambao mtetea wao huweza kumfukuza mbwa. Hawakununuliwa mahali. Mama aliwachagua mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, huyu abaki, huyu asibaki, mpaka akapata aliowataka. Alipokuwa kitandani siku za mwisho alimwambia wifi yake, ambaye ndiye huyu Shangazi: "Nitunzie wanangu na kuku wangu." Wana wamekua. Kuku, kideri, ule ugonjwa unaofagia mabanda, kilipiga hodi bandani kabla ya mvua, na kilipoondoka hakikuacha hata unyoya uliosimama. Yalibaki mayai waliyotaga kabla ya ugonjwa. Shangazi aliyabeba mwenyewe, akayalaza kwa Bi Harusi kwa sababu ndiye mzima kuliko wote, na kila akipita pale alikuwa anagusa kioo.

Siku chache kabla, Jicho aliyapima. Ndiyo kazi yake, na ndiko lilikotoka hilo jina: huingia chumba cha giza, hushika yai mbele ya tochi, na papo hapo hujua kama lina uhai, ni tupu au limeviza. Aliiona mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na katikati kidoa kinachopiga, tup, tup. Karibu yote yalikuwa mazima. Hakuna tena mengine duniani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Shangazi akasema polepole. "Nimelisema hili neno kwa watu wote wa hapa. Kwako wewe sikuwahi."

Ingekuwa heri angemzaba kofi.

Jicho akapiga simu. Kaka alikuwa amepata kazi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi na usiku juu yake. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa katikati ya mngurumo wa mitambo.

"Sema haraka, mdogo wangu, msimamizi yuko hapa."

"Kaka, mashine zote zimezima. Nilikuwa nambadilishia Shangazi neno. Nimebofya mstari wa kwanza."

Kaka akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Umebofya Wote."

"Huo mstari umetoka wapi?"

"Kwangu. Nilipokuja kumfunga Bi Harusi niliuweka wa kujaribia. Nikasahau kuufuta. Mtanitukana baadaye. Flashi ya nakala iko wapi?"

Flashi ilikuwa inaning'inia shingoni mwa Jicho kwa uzi. Walikuwa na desturi yao pale: nakala ya hifadhidata huchukuliwa siku ya kutotoa, baada ya mashine kuoshwa, kwa sababu siku hiyo ndiyo mioyo imetulia. Asubuhi aliivaa kama wengine wanavyovaa mkufu.

"Ninayo. Nilitaka kuichomeka nifanye nakala ya leo halafu..."

"Usifanye!" Kaka alipiga kelele hata Shangazi akaisikia. "Usifanye nakala! Ukiifanya sasa unaandika ubovu juu ya uzima. Hiyo ya zamani iliyomo ndiyo roho yetu."

Jicho aliishika flashi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai lenye ufa.

"Basi nitajie maneno yao ya zamani, niyaandike upya."

"Siyajui."

"Huyajui vipi na wewe ndiye uliyeyaweka?"

"Kila mashine ilijitungia lake siku nilipoifunga. Refu, halisomeki, limo tumboni mwake na sikutaka mtu alijue, hata mimi. Hifadhidata nayo hailijui. Neno likiingia mle husagwa, kinachohifadhiwa ni unga. Mashine ikija na neno lake, linasagwa tena, unga unalinganishwa na unga. Unga haurudi kuwa punje, mdogo wangu."

"Kwa hiyo tumekwisha."

"Nisikilize. Punje hatuitaki. Tunautaka ule unga wa zamani, tuurudishe mahali pake. Umo kwenye flashi."

Shangazi alikuwa ameinamia simu. "Si arudishe vyote vya flashi, yaishe? Kila kitu kiwe kama zamani."

"Shikamoo Shangazi. Hapana, usithubutu. Nakala ile ni ya safari iliyopita. Inaamini Somo ana mayai mabichi, kumbe sasa yanakaribia kutoboka. Mtayageuzageuza huku vifaranga wamekwishakaa sawa ndani, mtawaua wote mkidhani mmewaokoa. Turudishe kufuli tu, nyumba muiache."

"Marahaba," Shangazi akasema, heshima imemkuta katikati ya msiba. Kisha akatoka nje, na sauti yake ikaujaza uwanja. "Mablanketi! Magunia! Kila kitu chenye joto! Wekeni maji jikoni, mjaze madumu. Na mtu asifungue mlango wa mashine hata kwa bahati mbaya!"

Ukumbi ukageuka wodi. Wanawake wakazifunika mashine mablanketi, wakazipachika madumu ya maji moto ubavuni. Dereva alikuja na turubai la gari lake, akamfunika Mke Mwenza mpaka kichwani.

"Leo kanuna kweli huyu," akasema. "Hata kelele hana."

Hakuna aliyecheka. Naye hakutarajia.

Ofisini, Jicho aliandika kwa kidole kimoja. Kaka alikuwa anamtajia herufi kwa herufi, "sasa acha nafasi, sasa mkato, sasa funga," na yeye anarudia kila herufi kabla hajaigusa. Kwanza waliifungua nakala pembeni, mbali na hifadhidata inayotumika, kama mtu anayefungua sanduku chumba cha pili ili asichanganye nguo. Kompyuta ikakataa. Wakarudia. Ikakataa.

"Nisomee ulichoandika."

Akasoma. Msimamizi wa Kaka alisikika nyuma akiuliza kama simu ile inalipwa mshahara.

"Ndugu yangu anaumwa, bosi!" Kaka akajibu. Kisha, "Umeacha nafasi mbili. Toa moja."

Akatoa. Sanduku likafunguka. Mbele yake yakatokea majina, na mbele ya kila jina msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, kama kitu kilichokanyagwa na kuku wenye wino miguuni. Huo ndio unga.

Kisha simu ikakata.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Jicho akainuka, akaenda ukumbini, akatia kiganja chini ya blanketi kwenye kioo cha Bi Harusi. Kioo kilichozoea kuwa na joto la paji la uso wa mtoto kilikuwa na ubaridi wa kikombe kilichosahauliwa mezani. Shangazi alikuwa amesimama pale na dumu kifuani.

"Vipi?"

"Laini imekata."

"Huwezi kuwasha moto tu kwa mkono? Nyaya si zile pale?"

"Feni nayo haizunguki. Moto bila feni, trei za juu zitaiva na za chini zitaganda."

Shangazi alilikumbatia dumu kwa nguvu zaidi. "Mama yako alinikabidhi," akasema, na hakumalizia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Kaka alikuwa ameazima ya mwenzake.

"Anza na Bibi," akasema bila salamu. "Mmoja mmoja. Ukifanya kwa pamoja tunaweza kurudia kosa lilelile. Na kila jina, kabla hujakubali, unisomee kwa sauti."

"Bibi," Jicho akasoma. Akauhamisha unga wa Bibi kutoka kwenye nakala akauweka mbele ya jina la Bibi. "Bibi," akasoma tena. Akakubali.

Kimya. Bomba la uani, to, to.

"Kaka, hakuna kitu."

"Subiri. Anauliza kila baada ya kitambo. Hajauliza bado."

Alisubiri. Aliona jasho lake mwenyewe limedondoka juu ya herufi. Akaanza kusoma dua aliyofundishwa utotoni, akaisahau katikati. Na hapo, kule ukumbini, kitu kikakohoa, kikajikokota, kikapanda sauti: vuuuu. Mwanamke mmoja alifungua kinywa apige kigelegele. Shangazi akamziba kwa kiganja.

"Bado," akasema. "Huyo ni mmoja tu."

Akafuata Somo. Akafuata Wifi. Mke Mwenza alipoamka aliamka na kelele zake zote, na Dereva akavuta turubai lake akisema, "Haya, bibie, tumekukosa." Watu wakaanza kupumua. Hata Mama Mkwe, ingawa hana kitu tumboni, alirudishiwa unga wake, kwa kuwa ndiye aliyefuata katika orodha.

Jicho akashusha orodha ya nakala apate jina la mwisho. Hakukuwa na jina la mwisho.

Akapandisha. Akashusha. Aliweka kidole kwenye skrini akapitisha mstari kwa mstari kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Kaka," akasema. "Bi Harusi hayumo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Hayumo."

Jicho alisikia mtu kule akidai simu yake. Halafu akamsikia kaka yake, mtu mzima mwenye ndevu, analia kwa pua.

"Nakala ni ya kabla sijamfunga," akasema. "Bi Harusi amekuja baada ya kutotoa kwa safari iliyopita. Hana unga popote."

"Nimpe wa Somo?"

"Neno lililomo tumboni mwake ni lake peke yake. Kufuli la Somo halitamkubali. Lazima nije mwenyewe na waya wangu, nimfungue tumbo, nimpe neno jipya. Nikipanda basi sasa hivi, nafika kesho. Mama angeniambia nini?"

"Panda basi," Jicho akasema.

Alitoka ofisini. Feni zilikuwa zinavuma, ukumbi umerudi kuwa ukumbi, na katikati ya uhai wote huo Bi Harusi alikuwa amefunikwa blanketi kama maiti. Wanawake walimwona uso, wakapisha.

"Huyu hana unga wa zamani wa kumrudishia," akamwambia Shangazi. "Kaka anakuja. Kesho."

"Kesho," Shangazi akarudia. Akaketi sakafuni, na aproni yake, na dumu lake lililokwisha kupoa. Hakuna aliyewahi kumwona Shangazi ameketi sakafuni. "Basi yatoeni tuyazike. Siwezi kukaa nayasubiri yafe."

Jicho alifungua mlango wa Bi Harusi. Alichukua yai la trei ya katikati, akalifumbia jicho, akaliweka juu ya kope. Ndivyo mama yake alivyopima joto kabla hawajajua kipimajoto: kope haidanganywi. Yai lilikuwa na uvuguvugu kidogo kwa ndani, kama uji ulioachwa. Mtu aliyelala, au mtu aliyekufa sasa hivi. Kope haikuweza kumwambia yupi.

Wenzake Bi Harusi wote walikuwa wamejaa mpaka rafu ya mwisho. Aliyekuwa tupu ni mmoja.

"Mama Mkwe anavuma," akasema.

"Mama Mkwe kalowa," mwanamke mmoja akajibu. "Umemsugua mwenyewe. Ana maji na dawa hadi kwenye kona."

"Atakauka."

"Akikauka, apate joto, akae sawa, hayo si yamekwisha kuwa mawe?"

Jicho alisimama na yai mkononi. Kutoka uani zilikuja sauti nyembamba, mamia, pyee, pyee, pyee: vifaranga wa alfajiri, kwenye maboksi yao, wanangoja safari. Alikwenda kwenye boksi la karibu, akapenyeza mkono katikati yao. Mkono ukamezwa na joto. Anayefanya kazi ya vifaranga anajua: ukiwasonga pamoja, wanapashana mpaka lazima uwatobolee matundu wasife kwa joto lao.

"Dereva," akasema. "Usiondoke."

"Wateja wananingoja njiani tangu asubuhi, dada'ngu. Simu zao zinaniua."

"Usiondoke, nakuomba. Nataka waatamie."

"Nani?"

"Hawa."

Dereva alitazama maboksi, akamtazama Jicho, akamtazama Shangazi aliyeketi chini. Alikuna kichwa. "Nimebeba vifaranga mpaka nywele zikaanza kuota mvi," akasema. "Sijaona mtoto wa saa chache akiwa mama wa mtu." Lakini akaizima injini, na akawa wa kwanza kuvua koti.

Waliyabeba mayai trei kwa trei mpaka chumba kidogo cha pembeni, wakaziba dirisha kwa magunia. Wakaweka boksi la vifaranga, juu yake trei ya mayai, juu yake boksi, wakazungushia mablanketi. Vifaranga walilalamika kwa sauti moja. Joto likapanda mpaka kuta zikatoa jasho. Shangazi alikuwa ameinuka bila kuambiwa. Yeye na mwanamke mmoja walikaa mle wakigeuza mayai kwa viganja, na kila mara Shangazi aliliweka moja kwenye kope, akalirudisha.

Jicho aliingia ndani ya Mama Mkwe mwili mzima. Alimfuta kwa taulo, kona kwa kona, mpaka taulo zikatoka kavu. Alinusa kila rafu kama paka. Pale aliposikia dawa alifuta kwa maji safi, akakausha upya, huku feni inampiga usoni na moto unapanda. Hakufikiri kitu. Kila alipotaka kufikiri alikuwa anauona ule mstari wa kwanza, na neno lile, Wote, kubwa, limeandikwa wazi, halikujificha hata kidogo.

Kipimajoto kilipofika mahali pake, na kikakaa pale bila kutikisika, waliyahamisha mayai. Dereva aliondoka na vifaranga wake waliochoka, bila koti, kwa kuwa koti lilikuwa limebaki limefunika trei na hakuna aliyekumbuka kumrudishia.

Jua lilikuwa linaondoka dirishani Jicho alipochukua tochi.

"Ngoja kesho," Shangazi akasema.

"Sitaweza kulala, Shangazi."

"Nani kakwambia utalala?" Lakini akamfuata chumba cha giza, akafunga mlango.

La kwanza: giza tupu, na pembeni duara jekundu la damu, kama pete. Limekufa. Jicho aliliweka kushoto. La pili: duara. Kushoto. La tatu lilikuwa na mishipa, lakini mishipa ilikuwa imefifia, imelegea, na katikati hapakupiga kitu. Kushoto. Alisikia Shangazi anavyopumua kwa mdomo nyuma yake. Kushoto. Kushoto. Upande wa kulia trei ilikuwa bado tupu, matundu yake yote yanamtazama.

Alilichukua jingine. Mishipa. Myekundu, imekaza. Katikati, kidoa cheusi kimetulia. Alilisogeza karibu zaidi na tochi, akangoja. Aliwahi kujisifu kwamba yai halimchukui zaidi ya kufumba na kufumbua. Hili alilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Na kidoa kikajikunja. Kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, kavutwa blanketi.

Akaliweka kulia.

Aliendelea mpaka trei ya mwisho. Mengi yalikwenda kushoto. Alipomaliza, ya upande wa kulia hayakujaza hata nusu ya trei, na hata hayo hakuweza kuyaapia. Yai lililopoa linaweza kuishi leo likafa keshokutwa, na likitotoa, kifaranga anaweza kutoka kiwete.

"Wapo?" Shangazi akauliza gizani.

"Wapo."

"Wengi?"

Jicho alizima tochi, kwa kuwa hakutaka Shangazi amwone uso, wala yeye kumwona Shangazi.

"Nisamehe," akasema.

Nje ya mlango mashine zilikuwa zinavuma, na sauti ya Mama Mkwe, nzito, ilikuwa juu ya zote.

"Mama yako alianza na mtetea mmoja," Shangazi akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika, "na jogoo wa kuazima kwa jirani. Alimrudisha kwa vita." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Jicho, akauondolea tochi. "Usisimame hapo, Mama Mkwe anangoja. Rudisha hiyo trei, inapoa."